Wikendi ya theluji Chicago, hatua kwa hatua kwa mtu aliyezoea joto

Kila ikifika Desemba simu yangu inaanza kuita, ndugu wa Houston, wa Dallas, wa Phoenix, mwingine katoka Dar kaja kusalimia wajukuu Marekani, na wote wana swali moja, wanataka kuja Chicago wikendi waione theluji kwa macho yao ila wanaogopa baridi. Misimu sita sasa napokea wageni na nishaona wanaoteseka ni akina nani. Ni wale wanaoipanga siku ya baridi kama wanavyopanga siku ya jua, yaani watoke asubuhi wazunguke tu mpaka jioni. Huku kipindi cha baridi siku unaipanga kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, unatoka kwenye joto, unakatiza haraka mpaka kwenye joto lingine, unapumzika, unavua koti, unakunywa chai, alafu unaruka tena. Hilo ukilishika, babu wa miaka 70 anaifurahia Chicago ya Januari vizuri kabisa.

Saa zote ntakazotaja hapa ni za Kiswahili, saa tatu asubuhi ndo ile simu inayoandika 9:00.

Hatua ya 1: Chagua wikendi yako

Ukitaka taa, nyimbo na shamrashamra njoo kuanzia mwisho wa Novemba mpaka tarehe 24 Desemba, pale Daley Plaza katikati ya mji kunakuwa na soko la Krismasi la Kijerumani linaitwa Christkindlmarket, ni zuri lakini watu wanasukumana na hoteli zinapanda bei. Mi mwenyewe nawashauri watu waje kuanzia katikati ya Januari mpaka mwisho wa Februari. Baridi ni kali zaidi lakini hoteli zinashuka sana, makumbusho hayana foleni, na nafasi ya kuikuta theluji imekaa chini ni kubwa.

Baridi yenyewe ikoje? Januari wastani wa mchana ni kama 32 za Fahrenheit, ambazo ni sifuri za kwetu, na usiku inashuka mpaka kama 19, yaani hasi 7. Ila huo ni wastani tu, tarehe 30 Januari 2019 pale uwanja wa O'Hare ilifika hasi 23 za Fahrenheit, ambazo ni hasi 31 za kwetu, na rekodi ya mji ni hasi 27 za Fahrenheit, tarehe 20 Januari 1985. Siku za namna hiyo hata wenyeji wanabaki ndani, na wewe baki ndani.

Kwenye simu kuna namba mbili, ya baridi yenyewe na ile ya jinsi mwili unavyoisikia upepo ukishaingia. Soma ya pili. Baridi ikiwa 0 ya Fahrenheit na upepo wa maili 15 kwa saa, mwili unasikia kama hasi 19, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya nusu saa. Na jua linakimbia jamani, Desemba linazama kama saa kumi na dakika ishirini jioni, kwahiyo mambo yote ya nje yaweke kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana.

Hatua ya 2: Ndege na hoteli

Kata ndege ya Ijumaa asubuhi, ya moja kwa moja kama ipo, hata ikizidi dola thelathini lipa. Ndege ya mwisho ya usiku ikifutwa kwa sababu ya theluji hakuna nyingine nyuma yake, na shemeji yangu hilo lilimkuta, alichukua ya Ijumaa usiku ya kuunganisha mji mwingine, akalala kwenye viti vya uwanja wa ndege, akafika kwangu Jumamosi saa kumi na moja jioni jua limeshazama na tiketi tulizonunua za siku ile zimeenda. Siku tatu kabla ya safari anza kuangalia utabiri, na kama dhuruba kubwa inakuja angalia meseji za shirika lako, mara nyingi wanakuruhusu kubadilisha siku bila faini.

Hoteli tafuta Loop au River North, mitaa ya katikati ya mji, na swali la kuuliza ni moja tu, kwa mguu mpaka stesheni ya treni ni dakika ngapi? Zikizidi tano tafuta nyingine. Dakika kumi za Julai ni matembezi, dakika kumi za Januari na mtoto mkononi ni adhabu. Na ujue kodi ya hoteli hapa ni zaidi ya asilimia 17, kwahiyo bei unayoiona mwanzo siyo utakayolipa.

Gari usije nalo kama una namna nyingine. Ukija nalo, shika hili: kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 1 Aprili, barabara kuu nyingi hairuhusiwi kupaki kuanzia saa tisa usiku mpaka saa moja asubuhi, hata kama hakuna tone la theluji, na wanavuta gari kweli. Soma vibao. Na ukikuta mtaani nafasi ya kupaki imewekewa viti vya plastiki na ndoo usiviondoe, mwenyewe ameipalilia theluji pale masaa mawili na mtaa mzima unamtambua kuwa ni pake.

Hatua ya 3: Mavazi, na hapa usiwe na haraka

Wageni wengi wananunua koti moja kubwa la bei mbaya, ndani wanavaa tisheti ya pamba na chini jinzi. Hao ndo wanaotetemeka. Joto linatunzwa na hewa inayokaa katikati ya nguo na nguo, kwahiyo unahitaji tabaka.

Tabaka la kwanza ni nguo ya ndani inayobana, mikono mirefu na suruali yake ndefu, iwe ya sufu laini au polista. Isiwe pamba. Pamba ikishika jasho inakaa na maji, na utatoka jasho, kwasababu ndani ya treni na maduka wanawasha hita sana, alafu ukitoka nje lile jasho linageuka barafu mgongoni.

La pili ni sweta la sufu au flisi. La tatu ni koti linalozuia upepo na maji, lenye kofia na linalofunika makalio, lile lenye manyoya ya bata ndani ndo zuri kuliko yote kwa uzito wake. Kabla hujanunua jipya pita maduka ya mitumba, hata huko Texas yapo, watu wanahama kutoka kaskazini wanayaacha makoti mazuri kabisa. Mi langu nilinunua dola 25 na huu ni msimu wake wa tano.

Kichwani mzula, Wakenya mnaita marvin, na ushuke mpaka ufunike masikio yote. Skafu ifunike shingo mpaka puani. Mikononi chukua zile glovu za mfuko ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja, zina joto kuliko za vidole vitano maana vidole vinapashana, na ndani weka vile vipakti vya joto, unavifungua unavitikisa vinapata moto masaa kadhaa, maduka ya dawa yote wanauza.

Miguuni ndo watu wanapokosea zaidi. Buti lisilopitisha maji, lenye soli ya meno, na liwe na nafasi kidogo mbele. Soksi moja nene ya sufu inatosha, ukivaa mbili buti likabana damu haipiti vizuri na vidole vinakufa ganzi. Rubber ya kawaida ya mazoezi, hapana kabisa. Pembeni mwa barabara theluji inayeyuka inakuwa tope jeusi la chumvi, linakaa kwenye kona za kuvukia linaonekana kama lami kavu, unakanyaga maji mpaka kifundoni.

Dada zangu mnaovaa baibui, chini ya baibui vaa suruali ya ndani na buti refu, na baibui lenyewe liwe juu ya kifundo kidogo, lile linaloburuta litalowa chumvi na kuwa zito kama gunia. Na wote tunaotawadha, kausha uso, mikono na miguu vizuri kabisa kabla ya kutoka, ngozi yenye maji ikipigwa na ule upepo inapasuka siku hiyohiyo.

Siku ya safari vaa koti na buti ndani ya ndege, begi linabaki dogo.

Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa ndege

O'Hare unashuka chini unapanda treni ya Blue Line, inakesha, mpaka katikati ya mji ni kama dakika 45, na kwasababu pale ndo stesheni ya mwanzo unapata kiti na sehemu ya begi. Ukishukia uwanja wa Midway unapanda Orange Line, ni kama nusu saa hivi, ila hiyo haikeshi, usiku wa manane inasimama kabisa, kwahiyo angalia saa yako. Kadi ya benki ile ya kugusa inafanya kazi getini, na watoto chini ya miaka 7 wakiwa na mtu mzima wanaingia bure.

Kwenye majukwaa ya treni ya juu kuna sehemu ina taa za joto darini na kitufe ukutani. Bonyeza, simama chini yake, ikizima bonyeza tena. Mgeni wangu mmoja alisimama dakika kumi nzima pembeni mwa ile sehemu akidhani imeharibika kumbe ilikuwa inasubiri mtu abonyeze.

Kutembea kwenyewe, tembea kama bata, hatua fupi, mguu wote unakanyaga kwa mpigo, mikono nje ya mfuko. Kuna barafu nyembamba inayokaa kwenye simenti huioni, unaona kama pamelowa tu. Pakionekana pamelowa na baridi iko chini ya 32, jua ni barafu.

Hatua ya 5: Ijumaa jioni

Usijaze. Weka begi, kula, lala. Pizza ya Chicago ile nene ya sufuria inachukua kama dakika 40 kuiva kwahiyo agiza mara tu unapokaa, na vipande viwili vinamshibisha mtu mzima. Kama umefika mapema kabla ya saa kumi na moja, ingia Chicago Cultural Center, kona ya Michigan na Randolph, ni bure, lilijengwa 1897 likiwa maktaba ya mji, na juu kuna kuba la vioo vya Tiffany lenye upana wa futi 38. Nje kijivu kitupu, ndani ile rangi, mtu unakaa tu unaangalia juu.

Hatua ya 6: Jumamosi asubuhi, makumbusho ya Field Museum

Mtu wa Afrika Mashariki akija Chicago hapa lazima apite. Basi namba 146 kutoka Loop linakushusha karibu na mlango, usijitie kutembea kutoka stesheni ya Roosevelt maana pale ni ziwani na upepo haukutani na kitu cha kuuzuia. Wanafungua saa tatu asubuhi.

Watu wote wanakimbilia SUE, yule dinosa mkubwa, na kweli anatisha. We nenda upande wa wanyama wa Afrika. Nyuma ya kioo kuna simba wawili, madume, hawana manyoya shingoni kabisa, mmoja amelala chini mwingine amesimama. Hao ndo simba wa Tsavo, wale waliokuwa wanakula wafanyakazi wa reli kwenye ujenzi wa daraja la mto Tsavo mwaka 1898, kazi ikasimama mpaka John Henry Patterson, msimamizi wa ujenzi wa lile daraja, alipowaua Desemba ya mwaka huo. Ngozi zao alikaa nazo miaka kama 25 kama mazulia ya sakafuni, alafu 1924 akaiuzia Field Museum kwa dola 5,000. Ndo maana ukiwaangalia wanaonekana wadogo kuliko simba unaowajua, ngozi zilikuwa zimeshakatwakatwa. Patterson aliandika kwamba waliliwa watu 135, wanasayansi waliopima mifupa na manyoya baadaye wanakadiria kama 35.

Nilishampeleka pale mama mmoja mzaliwa wa Voi. Alisogea mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa kioo, akakaa kimya muda, akasema taratibu, "Jamani, mko mbali na nyumbani." Alafu akauliza wale waliokufa majina yao yameandikwa wapi. Tulizunguka tukatafuta hatukuyaona. Mpaka leo nikifika pale lile swali linanirudia.

Tenga masaa matatu, kula humohumo ndani, koti wape watunzaji wa makoti maana ukilibeba utachoka.

Hatua ya 7: Jumamosi mchana, theluji yenyewe

Saa saba hivi jua likiwa juu nenda Millennium Park. Lile haragwe kubwa la chuma linalong'aa, kazi ya Anish Kapoor, likiwa na theluji juu linapendeza kuliko kiangazi. Chini yake kuna uwanja wa kuteleza kwenye barafu, kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwanzoni mwa Machi, kama una viatu vyako vya kutelezea kuingia ni bure, kukodi unalipa, na nafasi unabuku mtandaoni kabla maana Jumamosi zinaisha. Mara ya kwanza kaa karibu na ukuta, piga magoti kidogo, uzito mbele. Dakika 40 nje zinatosha, ingia ndani mnywe kitu cha moto.

Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili. Ukiishika nje kupiga picha mfululizo chaji inaanguka kutoka asilimia 60 mpaka inazima, ukiipasha inawaka tena.

Ziwa Michigan wakati wa baridi ni kitu cha kuona, barafu inakusanyika ukingoni inakuwa vilima vyeupe, na maji yanapumua mvuke asubuhi. Iangalie ukiwa kwenye njia ya lami. Usikanyage hivyo vilima hata kama kuna mtu mwingine amesimama juu yake, vinaonekana nchi kavu lakini chini vina mashimo na maji, mtu anatumbukia na hakuna pa kushika. Kwa hili sitanii na wageni wangu, watoto nawashika mkono.

Ukitaka kupanda Willis Tower, ghorofa ya 103, tazama angani kwanza ndo ununue tiketi. Ukiwa chini huoni kilele cha jengo, basi ukiwa juu hutaona mji.

Hatua ya 8: Usikilize mwili

Hita za ndani zinakausha hewa sana, pua inatoa damu, midomo inapasuka, macho yanawasha. Kunywa maji hata kama husikii kiu. Paka mafuta mazito, vaselini au siagi ya shea, losheni nyepesi haifiki popote. Midomo usiilambe.

Dalili za kuganda ni ganzi, alafu ngozi inabadilika, na kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri weupe, inakuwa kama majivu, ngumu kama nta ukiigusa. Hasa ncha za vidole, masikio, pua. Ukiona hivyo ingia ndani, weka kwenye maji ya uvuguvugu, usisugue, usiweke kwenye moto wala hita maana haisikii na itaungua. Ganzi isipoachia au malengelenge yakitoka nenda hospitali.

Hatua ya 9: Jumapili, joto la kwetu

Hii ndo siri yangu na wageni wote wanaikumbuka kuliko jengo lolote. Panda Green Line shuka stesheni ya Conservatory-Central Park Drive, hatua chache uko Garfield Park Conservatory, nyumba ya vioo ya mimea iliyofunguliwa 1908, kiingilio bure, ila angalia mtandao wao kwanza kama wanataka ubuku muda.

Mlango wa kwanza ukifunguka miwani inafunga ukungu huoni kitu, na kabla hujaona unasikia harufu, ya udongo umelowa na majani, ile harufu ya shambani baada ya mvua. Shangazi yangu wa Muheza alivua miwani akaifuta na kanga aliyoificha chini ya koti, akavaa, mbele yake kuna mgomba. Alilishika jani kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa dukani, akalikunjua ncha, akasema huu hawajaupunguzia machipukizi. Tulikaa pale kwenye benchi saa nzima makoti magotini, nje theluji inashuka juu ya vioo, na hakutaka kuondoka.

Mchana, kama ndege yako ni ya usiku, panda Red Line mpaka Loyola alafu basi namba 155 mpaka Devon Avenue. Ni mtaa wa Wahindi na Wapakistani, kuna biriani, sambusa, nyama ya halali, chai ya maziwa yenye iliki inayochemshwa kweli, na maduka ya viungo ambayo ukiingia utafikiri uko Kariakoo. Nunua na ya kuondoka nayo.

Hatua ya 10: Kurudi

Theluji ikishuka toka hotelini mapema zaidi kwa lisaa limoja na uende kwa treni, barabara ya kwenda O'Hare inajaa. Ukikaa kwenye ndege utaiona inaoshwa kwa maji ya rangi kabla ya kuruka, usishtuke, wanaondoa barafu kwenye mabawa, inaongeza muda kidogo.

Ukifika nyumbani futa buti siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, ile mistari myeupe ni chumvi na inakula ngozi. Zikaushe mbali na moto. Koti usilitupe wala usiliuze, litundike, maana ndugu yako akishaona picha zako mwakani naye atataka kuja.